Kufunga miamba ya pweza: kijiji kinapata nini, na gharama anaibeba nani

Kuanzia Pate kule Lamu hadi Songosongo wilayani Kilwa, ukipitia Kisiwa Panza, Kizimkazi na Mafia, utaratibu ni ule ule kwa tofauti ndogo. Kijiji kinachagua kipande cha mwamba, kinaweka maboya na kupiga marufuku kuvua pweza hapo kwa miezi mitatu au zaidi. Siku ya kufungua hupangwa kwenye bamvua kubwa, siku ambazo maji hupwa sana na mwamba hukauka. Watu wanashuka kwa mamia, mizani inatundikwa, mgeni rasmi anaketi kivulini, na pweza wa kilo tatu na nne wanapigwa picha. Wafadhili wanaipenda siku hiyo, na kwa kweli inapendeza. Lakini sheria ya uvuvi hupimwa kwa mwaka mzima, na hesabu ya mwaka mzima haifanani na ya siku moja.

Tuanze na pweza mwenyewe, maana hapo wanaotetea sheria hii wana hoja nzito. Pweza anayevuliwa zaidi kwenye miamba yetu, Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu, na hukua kwa kasi. Mwenye nusu kilo leo, akipata kaa wa kutosha na tundu la kujificha, anaweza kuongezeka uzito maradufu ndani ya mwezi mmoja au miwili. Jike hutaga mara moja maishani. Huingia tunduni, huziba mlango kwa mawe na kuatamia mayai bila kula kwa takribani mwezi mmoja. Mayai yakishaanguliwa, naye hufa. Watoto huelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani, pengine mwamba wa kijiji kingine kabisa.

Chukua hesabu ya mfano. Pweza ishirini wa nusu kilo ni kilo kumi. Waache miezi miwili. Baadhi wataliwa na samaki kama mkunga na chewa, baadhi watahama. Wakibaki kumi tu, na kila mmoja akafika kilo moja na nusu, umepata kilo kumi na tano, tena za pweza wakubwa ambao mnunuzi wa kiwanda hawakatai. Nusu ya pweza wamepotea na bado mavuno yameongezeka. Faida ya kufunga inatoka hapo, kwenye kukua. Mikutanoni husemwa sana kwamba "pweza watazaliana", na ni kweli watazaliana, ila watoto wa waliotaga baada ya kufunga hawawezi kufika ukubwa wa kuvuliwa ndani ya miezi mitatu. Anayeahidi kijiji kizazi kipya siku ya kufungua anaahidi kitu ambacho muda wenyewe hauruhusu.

Mfano uliosambaa hadi pwani yetu ulianzia Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, ambako mwamba wa kwanza ulifungwa Novemba 2004 kwa miezi saba. Uchambuzi wa vipindi 36 vya kufunga katika eneo hilo, uliochapishwa mwaka 2015, hunukuliwa karibu kila warsha: mwezi mmoja baada ya kufungua, pweza waliovuliwa kwenye miamba hiyo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 ukilinganisha na mwezi mmoja kabla ya kufunga. Namba hiyo ni ya kweli. Isipokuwa uchambuzi huo huo una namba ya pili ambayo haipati nafasi kwenye mabango: alichopata mvuvi mmoja kwa siku kiliongezeka kwa karibu asilimia 90. Tofauti kati ya namba hizo mbili inaelezwa na watu. Mwamba uliofunguliwa huvuta wavuvi wengi kuliko kawaida, hivyo jumla inapanda sana huku fungu la kila mmoja halifiki hata maradufu. Kuna namba ya tatu pia. Yalipotolewa mavuno ambayo wavuvi wangeyapata kama wangeendelea kuvua, vipindi 27 kati ya 36 vilileta faida. Tisa havikuleta. Robo ya majaribio kushindwa si jambo dogo kwa kaya isiyo na akiba, ingawa ni matokeo ambayo sheria nyingi za uvuvi zingeyatamani.

Sasa gharama. Mwanamke anayevua pweza kwa miguu hahesabu miezi, anahesabu bamvua. Maji mafu hayamfai, kwa sababu mwamba haukauki vya kutosha. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na katika ukanda wa Zanzibar na Mafia maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Anashuka na mkonzo wake, mti wenye ncha wa kumchomea pweza, maji yakianza kupungua na kurudi yanapoanza kumfika magotini. Siku zinazofaa ni kama tano kwa kila bamvua. Kufunga miezi mitatu basi ni kumwondolea bamvua sita, yaani takriban siku thelathini za kazi. Mzamiaji mwenye miwani na mapezi ya mpira hali yake ni tofauti: anavua hata maji mafu, anafika kina ambacho mwanamke hafiki, na mwamba wa karibu ukifungwa anapanda mtumbwi kwenda wa mbali. Mstari mmoja wa maboya, hasara mbili zisizolingana.

Kinachoamua ni wapi mstari umepita. Kamati nyingi, ambazo wajumbe wake wengi ni wanaume wenye vyombo, huelekea kuchagua mwamba ulio karibu na kijiji kwa sababu ni rahisi kuulinda: doria inaonekana kutoka ufukweni na haihitaji mafuta. Mwamba huo huo ndio wa wanaokwenda kwa miguu. Ukichagua wa mbali unawaachia wanawake eneo lao, lakini unahitaji boti, petroli na watu wa kukesha, kwa kuwa pweza huibiwa usiku kwa taa. Si rahisi kumlaumu anayechagua la kwanza, lakini asiseme kwamba chaguo hilo halina mwenye kulilipia.

Halafu kuna siku yenyewe ya kufungua. Tani moja au mbili zikitua kwa saa tatu kijijini pasipo na barafu, bei anaiweka mnunuzi. Pweza akikaa juani anatoa utelezi, ngozi inabadilika rangi, na jioni haingii daraja la kiwanda. Dawa inajulikana: wanunuzi wawili au zaidi waitwe wiki mbili kabla, bei kwa kilo iandikwe kwa kila daraja, barafu ifike usiku wa kuamkia ufunguzi, na pweza wapimwe baada ya kusafishwa matumbo mbele ya muuzaji. Inapokwama mara nyingi ni kwa "tajiri", yule aliyekwisha kuwakopesha wavuvi tangu mwamba ulipofungwa. Mtu aliyeishi miezi mitatu kwa mkopo wa unga na mafuta ya taa hana bei ya kujadili, anapeleka pweza kwa mdai wake. Sehemu ya faida ya kukua kwa pweza huhamia hapo kimya kimya, na haionekani katika taarifa yoyote kwa sababu taarifa huandika kilo.

Mwamba nao unaumia. Watu mia tatu wakikanyaga matumbawe kwa asubuhi moja, wengine wakibomoa mawe kumtoa pweza aliyejishindilia, wanaharibu matundu. Wavuvi wazoefu wanajua tundu zuri linakaliwa tena. Ukimtoa huyu bila kulivunja, baada ya muda atakuja mwingine. Mgeni aliyekuja kwa siku moja hana sababu ya kulijali hilo.

Mgeni huyo ndiye swali gumu kuliko yote pwani yetu. Wavuvi wa dago, yaani wanaohama na kupiga kambi ugenini kwa msimu, wakiwemo Wakojani wa Pemba wanaofuata misimu hadi Bara na Kenya, wamevua nje ya vijiji vyao kwa vizazi, kwa makubaliano na wenyeji. Kwao bahari haigawanywi kama shamba. Kijiji kilichovumilia miezi mitatu nacho kina haki ya kuuliza kwa nini mavuno yake yachukuliwe na boti iliyofika jana. Sheria inatoa majibu nusu. Tanzania Bara kikundi cha usimamizi wa uvuvi, BMU, hutunga sheria ndogo zinazopita mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri, na BMU za vijiji jirani zinaweza kuunda eneo la usimamizi wa pamoja. Zanzibar kuna Kamati za Wavuvi za Shehia. Kenya ina BMU zake. Palipo na sheria ndogo iliyoidhinishwa, faini inasimama. Pasipo nayo, mwizi wa pweza akifikishwa kituoni huachiwa kabla ya kamati kurudi nyumbani, na mwaka unaofuata hakuna atakayekesha. Maboya huwekwa kwa siku moja. Sheria ndogo inaweza kuchukua zaidi ya mwaka kupita ngazi zote, na ndiyo maana miradi mingi huanza na maboya.

Wanaopinga kufunga kwa vipindi wana pendekezo lao, nalo linastahili kupimwa: simamieni ukubwa, mwaka mzima, kila mahali. Kanuni za Tanzania Bara tayari zinakataza pweza chini ya gramu 500, na Madagaska kiwango ni gramu 350. Uzuri wa kanuni ya namna hii ni kwamba haimfungii mtu mwamba, na pweza wengi wa kuuzwa nje hupitia viwanda vichache, kwa hiyo mzani wa kiwandani unatosha kuwa mkaguzi. Udhaifu wake ni wa namna tatu. Kwanza, pweza akishachomwa na mkonzo amekufa. Huwezi kumrudisha majini eti ana gramu 400. Mvuvi mzoefu hukadiria kwa upana wa tundu na maganda ya kaa yaliyorundikana mlangoni, lakini tundu pana halimaanishi pweza mkubwa kila siku. Pili, wadogo waliokataliwa na kiwanda hawaachi kuvuliwa, wanaishia kwenye sufuria za supu na vipande vya kukaanga mjini, ambako hakuna anayewapima. Tatu, na hili ndilo zito, gramu 500 ni ndogo mno kibiolojia. Utafiti wa kusini-magharibi mwa Madagaska ulionyesha kuwa majike hukomaa wakiwa na kilo mbili na ushei, madume mapema zaidi. Kiwango cha nusu kilo kinamlinda mtoto asivuliwe akiwa mtoto kabisa, halafu kinaruhusu avuliwe muda mrefu kabla hajataga. Kukipandisha hadi kilo mbili nako ni ndoto, kwani ungewafungia kazi karibu wavuvi wote wa miguu.

Kwa maoni yetu kufunga kwa vipindi kunashinda kwa hapo tu, kwamba kunampa jike miezi ya kuvuka kutoka nusu kilo kwenda mbili bila kumlazimisha mvuvi kukisia uzito ndani ya tundu. Kusiendelee sana lakini. Pweza aliyetaga atakufa kwa hali yoyote, na mwamba uliofungwa miezi sita au saba huacha nyama nyingi ife bila kumfaa mtu. Mitatu hadi minne, kwenye sehemu isiyozidi moja ya tano ya miamba ya kijiji, inatosha, mradi ukanda wa kwenda kwa miguu ubaki wazi au siku mbili za kwanza za kufungua wapewe wanaovua kwa miguu peke yao.

Visiwa vya Mauritius vina njia ya tatu. Rodrigues imekuwa ikifunga uvuvi wa pweza kisiwa kizima tangu mwaka 2012, kati ya Agosti na Oktoba, na wavuvi wakapewa kazi za kulipwa katika kipindi hicho. Hapo hakuna mwamba jirani wa kukimbilia wala mgeni wa kuvizia ufunguzi. Hilo linahitaji kisiwa chenye mipaka ya wazi na hazina ya serikali inayoweza kulipa posho, na pwani ya zaidi ya kilomita elfu moja yenye wavuvi wanaohama haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kosa la kuepuka ni kuchukua mafanikio ya pweza na kuyabandika kwa samaki wengine. Chewa huanza maisha akiwa jike na kugeuka dume baadaye akiwa mkubwa. Miezi mitatu haimfanyii chochote. Changu naye anahitaji miaka. Kwao kinachosaidia ni eneo lililofungwa moja kwa moja, kama tengefu la Kuruwitu kaskazini ya Mombasa lililoanzishwa mwaka 2005, na kuondolewa kwa juya, wavu wa kukokota ambao Kenya iliupiga marufuku mwaka 2001 na bado unakokotwa katika baadhi ya fukwe. Kijiji kinachofunga pweza huku juya likipita pale pale kila asubuhi kinalinda kiumbe mmoja tu.

Kubaki na ubishi huu bila jawabu kunatokana na daftari pia. Kamati nyingi hupima siku ya kufungua na siku inayofuata, basi. Vinavyohitaji kupimwa ni bamvua mbili kabla ya kufunga, kila bamvua hadi ya nne baada ya kufungua, na mwamba jirani ambao haukufungwa, ili ionekane kama uvuvi ulihamia huko. Kwa kila pweza iandikwe uzito, dume au jike, kama jike ana mayai, na kama aliyemleta alivua kwa miguu au kwa kuzamia. Inahitaji mzani wa kuning'iniza na mtu mmoja wa kulipwa posho siku tano kila bamvua.