Matone ya Kuzibua Pua na Mishipa Inayoyapokea

Vumbi la Januari na Februari likitanda Nakuru, wenye pua zilizoziba hukimbilia matone ya zailometazolini. Wapo wanaoyasifu, na wapo wanaowakataza wagonjwa wasiyaguse kamwe. Jibu limo ndani ya tishu ya pua yenyewe.

Kipande chembamba cha mkunjo wa chini wa pua, yaani utando uliofunika mfupa mdogo kwenye ukuta wa kando wa tundu, kikitazamwa kwa hadubini, huonyesha juu seli zenye vijinywele pamoja na zile zinazotoa kamasi. Chini yake tu pana kapilari zenye vitundu, zinazopitisha majimaji kwa urahisi. Ndani zaidi, kuelekea mfupa, ndiko kuliko na vena pana zenye kuta za misuli laini. Misuli hiyo ikilegea, vena hujaa damu, mkunjo huvimba na hewa hukosa njia. Ikikaza, damu huondoka na pua hufunguka. Hata asiye mgonjwa, matundu mawili hupokezana kuvimba kila baada ya saa kadhaa. (Wengi humulika kwa tochi, wakauona mkunjo huo na kudhani nyama imeota.)

Matone hukaza misuli hiyo ndani ya dakika chache tu, na nafuu hudumu saa nyingi. Mwenye mafua makali asiyepata usingizi anastahili nafuu hiyo, na kumnyima ni kumtesa bure. Lakini dawa hiyohiyo hubana pia ateri ndogo zinazolisha utando. Ikitumika wiki baada ya wiki, vipokezi vya misuli, yaani sehemu zinazoipokea dawa, huchoka kuitikia, vena hujaa tena kila dawa inapoisha nguvu, naye mgonjwa huongeza dozi. Mafua yamekwisha zamani. Kinachoziba pua sasa ni dawa.

Kwa hiyo mimi huunga mkono matone kwa siku 5, zisizidi 7: mtu mzima atumie ya asilimia 0.1, matone 2 au 3 kila tundu. Mwenye shinikizo la damu aulize daktari kwanza, na mtoto chini ya miaka 6 asipewe. Aleji ya miezi mingi hutibiwa kwa steroidi ya kupulizia puani, dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo huhitaji siku kadhaa hadi wiki 2 ili ifanye kazi vizuri. Ielekezwe upande wa sikio: ukuta wa kati, hasa mbele, una mishipa mingi iliyo juujuu na hutoka damu upesi. Aliyekwisha kuyazoea matone aanze steroidi hiyo, kisha aache matone tundu moja kwanza, huku jingine likimpa pumzi.