Nakiri kupokea

Mahubiri juu ya kukiri, angalau mengi niliyoyasikia, yana mlango mmoja. Mhubiri anataja neno la Kigiriki, homologeo, analivunja vipande viwili: homo ni "sawa", lego ni "kusema". Basi kukiri ni kusema sawasawa na Mungu. Amina, tunaitikia.

Si uongo. Ila neno halijulikani kwa kuvunjwa tu. Mgeni akivunja "kifungua kinywa" hatafika kwenye chai na chapati. Atadhani tunazungumzia bisibisi.

Mimi nilielewa zaidi niliposoma habari za mafunjo ya Misri, zile karatasi za kale zilizohifadhiwa na ukame wa jangwani. Humo mna mikataba ya Kigiriki ya kuuza, kukodisha, kukopa, na mingi inatumia kitenzi hichohicho: fulani anakiri kwa fulani kwamba amepokea kitu kadhaa. Nikaikumbuka karatasi ya daftari ambayo baba aliiweka chini ya godoro miaka mingi. "Mimi niliyetia dole gumba hapo chini nakiri kupokea..." Kisha kiasi, majina ya mashahidi wawili, na doa la wino wa bluu lililovuka mstari. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini karatasi ile ilimaliza ugomvi wa mpaka wa shamba.

Na "kiri" yetu yenyewe imetoka kwenye Kiarabu, ambako ikirari ni jambo la kadhi: mtu anathibitisha kwa kinywa chake haki ya mwenzake iliyo juu yake. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili hawakukosea mlango.

Biblia ya Union, moja ya tafsiri zetu za Kiswahili, imeligawa neno hili. Kwenye Warumi 10:9 tunamkiri Yesu. Kwenye 1 Yohana 1:9 tunaziungama dhambi. Kitenzi cha Kigiriki ni kimoja. Anayesema "Yesu ni Bwana" na anayesema "niliiba" wote wanaweka dole gumba. Hata Herode, alipomwapia yule binti aliyecheza kwamba atampa chochote (Mathayo 14:7), Mathayo ametumia kitenzi hicho. Alijifunga mbele ya wageni wake, na kilichofuata mnakijua: kichwa cha Yohana Mbatizaji kililetwa katika sinia.

Sasa ndipo roho inaponiuma. Siku hizi tunaambiwa, "Kiri gari lako! Kiri nyumba yako!" na watu wanapaza sauti kukiri vitu ambavyo hawajaviona hata kwa macho. Kuomba gari sina neno nako. Aombaye na aombe. Lakini kusema nakiri kupokea wakati mkono ni mtupu, kwa Kiswahili cha mtaani tunaita risiti hewa. Katika aya zile za Warumi na Yohana, anayekiri hukuta jambo lililopo tayari, deni au Bwana, akalitia sahihi. Halianzi kuwepo kwa sababu yeye amepiga kelele.

Sahihi hiyo ilikuwa na bei. Katika Yohana 9 wazazi wa aliyezaliwa kipofu, yule ambaye Yesu alimponya, waliitwa kuhojiwa, na ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba atakayemkiri Yesu kuwa ndiye Kristo atatengwa na sinagogi. Wakasema huyu ni mtoto wetu, na kweli alizaliwa kipofu. Aliyemfumbua macho je? Hatujui, muulizeni yeye, ni mtu mzima.