Tarehe 13 ndo iliyoniumbua

Jamani hivi 04/05/2024 ni lini? Usijibu haraka. Wewe utasema tarehe nne mwezi wa tano, Mmarekani atasema tarehe tano mwezi wa nne, na wote mna uhakika kabisa, wala hakuna anayeona kama kuna la kuuliza. Mimi sasa nipo katikati na kodi yangu (ya programu, si ya nyumba, ile nayo ina kesi yake), eti niamue.

Nikaletewa faili la mauzo, safu ya tarehe imejaa mikwaju tu, hii /. Nikaliingiza, programu ikala kimya kimya hadi nikajipongeza, kufika tarehe 13 ikagoma, inasema mwezi wa 13 haupo. Bosi akaja akachungulia: "Aa kumbe kitu kidogo, mistari ya 13 kwenda juu ndo mibovu, hii mingine ipo sawa."

Ipo sawa!! Bosi hiyo iliyogoma ndo yenye adabu, imesema ukweli. Balaa ni hizi za 1 mpaka 12, zimepita mlangoni zinatabasamu, mauzo ya tarehe 2 Septemba saa hizi yamekaa tarehe 9 Februari, yametulia utadhani yalizaliwa pale. Nikapiga hesabu: siku zinazoweza kujigeuza hivyo ni 132 kwa mwaka, na za kusalimika kati ya zile za 1 mpaka 12 ni 12 tu, zile za 1/1, 2/2, mpaka 12/12. Nikamwonesha. Akasema "sasa si urekebishe". Haya.

Na dawa ipo tangu 1988! Inaitwa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, mwaka kwanza, mwezi, siku: 2024-05-04, na hizo sifuri usizibanie. Hata ukizipanga kama maneno tu zinakaa kwa mfuatano wake zenyewe. Ukitaka na saa unatia T katikati, na mwishoni Z, maana yake hii ni UTC, saa ya dunia ambayo kila nchi inajipimia kwake: 2024-05-04T09:30:00Z. Basi kuna mwenzetu aliiona ile Z akadhani ni takataka akaifuta, akaandika "nimesafisha". Kusafisha gani huko? Toka hapo hakuna aliyejua 09:30 ni ya wapi, seva ikaongeza masaa 3 yetu ya Afrika Mashariki, ukurasa nao ukaingiwa na huruma ukaongeza 3 zake, mteja kaagiza saa sita na nusu mchana risiti inamwambia saa tisa na nusu.

Na usijidanganye kwamba kanda za saa ni kujumlisha namba kamili, Nepal wapo wanakusubiri na UTC+05:45 yao, hizo dakika 45 sijui ndo chenji ya nani. Samoa ndo kabisa, 30 Desemba 2011 waliiruka yote, watu wamelala Alhamisi wameamka Jumamosi. Halafu kuna nchi zinasogeza saa mbele na nyuma, ikirudi nyuma kuna lisaa lizima la usiku linapita mara mbili, na lazima kuna mtu atalipia kitu saa hiyohiyo. Ndo maana nawaambia kikao cha mwezi ujao mtunze na jina la eneo, Europe/London, msiniandikie +1 peke yake. Wananiona najivuna.

JavaScript, ile lugha ya programu za kurasa za mtandao, sitaki hata kuongea. Januari ni 0, Desemba ni 11, ila siku za mwezi zinaanza 1, yaani hata kukosea wamekosea nusu. Ukiipa "2024-05-04" tupu inachukua saa sita usiku ya UTC, mtu yupo New York, saa zao zipo nyuma ya UTC, anajaza tarehe ya kuzaliwa, akifungua anakuta amezaliwa jana yake. Akatuandikia, kwa upole, kwamba mama yake hakubaliani na sisi.

Basi juzi nikasema leo namtafuta mchawi. Nikashuka kwenye kodi taratibu mpaka kwenye ule mstari wa kujumlisha masaa 3 kwa mkono, nikaukuta, pembeni kuna maelezo: "hii ya muda tu, nitaitoa 03/04". Chini yake jina langu. Nimekaa dakika kumi nzima nalitazama, nakumbuka kila kitu hadi kiti nilichokalia siku ile, ila niliahidi Machi au Aprili, hapo ndo sipati.