Chembe za sumaku kwapani: zinafaa wapi, zinakwama wapi

Mgonjwa wa saratani ya titi ambaye tezi zake za kwapani hazijavimba hahitaji kuondolewa zote. Zikitolewa zote, mkono unaweza kuvimba na usipone. Inatosha kutoa na kupima tezi mlinzi, ile ya kwanza kupokea majimaji ya limfu kutoka kwenye uvimbe. Ikiwa safi, zilizo nyuma yake kwa kawaida ni safi pia. Kazi ni kuipata.

Njia iliyozoeleka ni kuchoma dawa ya mionzi, teknesiamu-99m, pamoja na rangi ya bluu. Nguvu ya teknesiamu hupungua kwa nusu kila saa 6, kwa hiyo haiwekwi akiba, na inataka idara ya tiba ya nyuklia. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam inayo idara hiyo. Hospitali nyingi za mikoani hazina.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na chembe za oksidi ya chuma zilizovikwa sukari ya dekstrani, zenye upana wa nanomita 60 hivi. Ukubwa huo una sababu: zikiwa ndogo mno zinapita tezi bila kunaswa, zikiwa kubwa mno zinabaki pale pale zilipochomwa. Zikishachomwa, mililita 2 chini ya chuchu, titi hukandwa dakika 5, kisha husubiriwa angalau dakika 20. Zinaweza pia kuchomwa siku kadhaa kabla ya upasuaji, jambo ambalo teknesiamu haikubali. Daktari huzitafuta kwa kifaa cha mkononi kinachohisi sumaku, na chembe hizi huwa sumaku pale tu kifaa hicho kinapokuwa karibu. Kikiondolewa, usumaku unakwisha. Marekani iliidhinisha moja ya dawa hizi, Magtrace, mwaka 2018.

Je, zinaona sawasawa? Katika utafiti wa vituo kadhaa uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 160 walipimwa kwa njia zote mbili. Njia ya kawaida iliipata tezi mlinzi kwa asilimia 95.0, ya sumaku kwa asilimia 94.4. Kwa kuipata tezi, basi, hakuna ugomvi.

Ugomvi uko chumba cha upasuaji. Kifaa hicho husoma chuma chochote kilicho karibu, hivyo vishikizo vya chuma vinavyopanua jeraha lazima viondolewe kila unapopima, na koleo ziwe za plastiki. Kifaa nacho huyumba kadiri joto lake linavyobadilika. Kisiporudishwa kwenye sifuri mara kwa mara, kikiwa hewani mbali na meza, kitakupeleka kwenye tezi isiyo yenyewe. Mwenye betri ya moyo kifuani hafai kwa njia hii.

Kasoro ninayoiona nzito zaidi ni ile inayobaki mwilini. Sindano isipoingia kina cha kutosha, ngozi hupata doa la kahawia linaloweza kukaa miezi mingi, na mgonjwa hana budi kuambiwa mapema. Kwa aliyebakishiwa titi, chembe zilizosalia huweka kivuli cheusi kwenye picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, pengine kwa miaka, na kivuli hicho kinaweza kuficha saratani inayorudi. Mgonjwa anayetarajiwa kufuatiliwa kwa MRI atafutiwe njia nyingine.

Mshindani halisi wa njia ya sumaku kwetu, hata hivyo, ni rangi ya bluu peke yake. Ni ya bei nafuu mno, haihitaji kifaa, ingawa ikitumika pekee hukosa tezi nyingi zaidi kuliko teknesiamu. Hospitali ikianza kwa rangi hiyo huku ikimfundisha daktari wake, haijakosea. Kifaa cha sumaku kinalipa pale wagonjwa wa hatua za mwanzo wanapokuwa wengi, na hapa Afrika Mashariki wengi bado hufika tezi zikiwa zimeshavimba. Hao tezi mlinzi haiwahusu: wanahitaji kuchomwa sindano ya kuchukua sampuli ya tezi hiyo iliyovimba, na hiyo haingoji sumaku.