Chumvi Iko Sawa, Sasa Pakueni

Mjomba wangu ni fundi wa milango ya nakshi hapa Malindi. Mtaliano mmoja aliyechongewa mlango alifurahi hata akasema malipo peke yake hayatoshi, lazima twende tukale naye usiku kwenye mkahawa aupendao, upande wa ufuoni. Mimi nilialikwa kama mkalimani. Kitaliano changu ni cha kuuzia vinyago, lakini Malindi hicho kinatosha kumwoza mtu na kumzika.

Mkaza mjomba aliposikia karamu, hakuinjika chungu. Mjomba naye hakula mchana, ati kwa heshima ya mwenyeji.

Nijuavyo, Mtaliano ana mpango wake mezani: antipasto ya kufungulia, kisha primo, yaani pasta au wali, halafu secondo ya samaki au nyama, na mwisho dolce, yaani kitamutamu, na kahawa. Hapo mtu anashiba. Kumbe tumeagiziwa degustazione: mpishi anaamua mwenyewe, analeta visahani kimoja kimoja, kila kimoja tonge moja au mbili, ili uonje ufundi wake wote. Uonje, nimesema.

Kikaja cha kwanza. Sahani kubwa kama ungo, katikati kamba mmoja kajikunja, ubavuni tone la kijani. Mjomba akapiga bismillahi, akamtia kinywani, akatafuna taratibu huku katazama dari. Akamgeukia mhudumu.

"Chumvi iko sawa. Haya, pakueni."

Mtaliano akataka kujua mzee kasema nini. Nikamwambia kasifu. Akafurahi, akanong'onezana na mhudumu. Kumbe anatutoa kwenye visahani vitano anatupandisha hadi tisa.

Cha pili kilikuwa kipande cha pweza. Cha tatu, ravioli, yaani kijifuko cha pasta kilichojazwa ndani. Moja! Mjomba akaniinamia sikioni.

"Hawa si ndio waliokuja Ngomeni kurusha satelaiti?"

Ndio hao, Mjomba. San Marco 2, mwaka 1967, iliruka kutoka jukwaa lao kulekule baharini.

"Chuma wamekifikisha juu kule, wali umewashinda kuufikisha mezani?"

Hilo nalo nikalitafsiri kuwa kasifu.

Cha nne ndicho kilichotuumbua. Mhudumu, kijana wa papa hapa mtaani, alimwekea Mjomba bakuli lililokaribia kuwa tupu: chini mna kijipande cha samaki na majani ya mrehani. Mkononi kashika kibirika. Wapishi wa namna hii mchuzi hawautii jikoni, humiminwa mezani mbele yako ili harufu ikupande puani. Sasa nieleze wewe: mzee wa Kiswahili aliyepita miaka sabini, kawekewa bakuli, na kijana kasimama mbele yake na birika. Afanye nini?

Mjomba akakunja mikono ya kanzu, akanyoosha viganja juu ya bakuli.

Na yule kijana akamimina! Nilimtazama usoni. Alijua fika ni mchuzi, lakini mkono uliolelewa kunawisha wazee haukuweza kuvikatalia viganja vilivyonyooshwa. Akamimina polepole, kwa adabu, mpaka kibirika kikaisha. Mjomba akasugua vidole, akavifikicha kwa yale majani.

"Uvuguvugu, tena wametia na mrehani. Watu wastaarabu hawa. Sasa ndio chakula kinakuja."

Kijana akampa kitambaa. "Ahsante, mwanangu." "Starehe, mzee."

Mtaliano alibaki kinywa wazi. Mara mpishi akatoka jikoni na kofia yake, anauliza mzee kauonaje mchuzi alioushughulikia tangu asubuhi. Mjomba akanusa viganja.

"Mwambie unanukia samaki kidogo, lakini si haba."

Nikasema harufu yake bado anayo. Mpishi akaweka mkono kifuani, akainama.

Vilivyofuata nitavipita. Kimoja kilikuwa povu.

Mwisho ikaja espresso: kikombe kidogo, nyeusi, chungu. Macho ya Mjomba yakang'aa. Usiku mzima hicho ndicho kitu pekee kilichokuja kwa kipimo anachokijua, maana barazani kahawa chungu hunywewa kwa vikombe vya namna hiyo, na nani aliwahi kuishia kimoja? Akanywa, akakisukuma mbele. Kijana akaleta kingine. Akakisukuma. Espresso ile si ile ya kwenye dele la muuza kahawa, lakini mzee mwenye tumbo tupu atajuaje? Nilipomshika mkono, kanzu ilikuwa inatetemeka.

Saa nane usiku mtaa mzima ulikuwa macho. Uani randa inakwenda kwaru, kwaru, Mjomba kavua kanzu anaparuza mbao za mteja wa mwezi ujao, na mkaza mjomba anasonga sima kwa hasira. Jirani akapaza sauti dirishani:

"Fundi, kuna msiba?"

"Hakuna," akajibu bila kuinua kichwa. "Nimetoka karamuni."