Maji ya Kisima Yaliyoishinda Aidini

Nilipopelekwa Mtwara kwa mazoezi ya kufundisha Biolojia, nilikuwa na umri wa miaka 23 na majivuno ya profesa mstaafu. Katika wiki ya tatu niliwaandalia kidato cha tatu jaribio la kupima jinsi dawa za kuulia vijidudu zinavyozuia bakteria kukua. Tuliandaa sahani nne za petri, visahani bapa vyenye vifuniko, zenye agari, yaani rojo lililoganda la kuoteshea bakteria, tukapaka juu yake bakteria tuliowapangusa kwa pamba kwenye kitasa cha mlango wa bwalo, kisha tukapachika viduara vya karatasi ya kuchujia vilivyochovywa katika spiriti, aidini ile ya kahawia ya kusafishia vidonda, maji ya chumvi na, kwa ajili ya kulinganishia tu, maji ya kisima cha shule yaliyochemshwa.

Majina niliyaandika juu ya vifuniko. Kanuni ya maabara ni kuyaandika kwenye kitako, upande wenye agari, lakini mwandiko wangu ulionekana vizuri zaidi juu. Sahani tukazipindua na kuzifungia kabatini, kwa sababu joto la Mtwara la mwezi Novemba halimlazimu mtu kutafuta kitamizi, kile chombo cha kuoteshea bakteria kwa joto.

Siku ya pili yake ilikuwa siku ya kikao cha wazazi, na mkuu wa shule akawaleta maabara wajionee. Nilifungua kabati kwa madaha. Katika sahani ya aidini bakteria walikuwa wamejazana hadi ukingoni mwa viduara kama watu wa mnadani, ilhali katika sahani ya maji ya kisima kila kiduara kilizungukwa na uwanda safi usio na hata doa moja.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilieleza, kwa muda wa dakika kumi hivi, kwamba maji ya pwani hupita katika miamba yenye madini adimu, na kwamba huenda wazee wetu waliyajua hayo zamani. Mkuu wa shule aliandika kila neno. Mzazi mmoja wa kutoka Mikindani alitoka nje taratibu, na punde tukasikia mpini wa pampu ukilia.

"Samahani, mwalimu," akasema binti mmoja wa dawati la mbele, "mbona viduara vya maji vina rangi ya kahawia?"

"Kutu ya pampu," nikajibu bila kupepesa macho.

"Na vya aidini mbona vyeupe?"

Hapo nilikosa madini ya kumjibu. Mzee wetu wa maabara, aliyekuwa amesimama mlangoni akifurahia somo, ndiye aliyeniokoa, kama kule kunaweza kuitwa kuokolewa.

"Mwanangu, asubuhi nilikuta vifuniko vimejaa jasho, nikavivua vyote nikavifuta kwa taulo. Si vinalingana? Kila sahani nimeirudishia chake."

Mkuu wa shule alifunga daftari lake. Nilikimbilia kisimani kumwahi yule mzazi, nikamkuta anakaza kizibo cha dumu la lita 20, nikamweleza kwa unyenyekevu wote kwamba vifuniko vilibadilishana na kwamba yale ni maji ya kawaida. Alinitazama kwa huruma, akalipakia dumu kwenye baiskeli.

"Mwalimu, usiogope, hatutayamaliza. Tutawaachia na nyie."