Mashine ya strapu inauzwa kwa spidi, je mzigo wako unahitaji spidi?

Jamaa yangu mmoja yuko Makambako, anapaki parachichi za kupeleka nje, wiki iliyopita kanirushia kotesheni WhatsApp na swali fupi tu, kaka nichukue hii au niendelee na vijana? Ni mashine ya strapu, yaani mikanda ya plastiki ya kufungia mzigo, fulu otomatiki, ile yenye tao kubwa, katoni inapita katikati inafungwa yenyewe. Muuzaji kaandika kwa wekundu kabisa, strapu 30 kwa dakika. Jibu langu la kwanza lilikuwa chukua, bahati nzuri sikulituma, maana nilivyokaa nikapiga hesabu nikaona nilikuwa namwingiza mtu hasara kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kilichomfanya aanze kutafuta mashine ni picha. Mnunuzi wake wa Uholanzi alifungua kontena akakuta paleti mbili zimeinama kama walevi, mikanda inaning'inia, katoni za kona zimebonyea, akapiga picha akatuma pamoja na makato ya bei. Jamaa akadhani tatizo ni vijana wake wanafunga kwa mkono kwahiyo dawa ni mashine. Sasa hapo ndo pa kuangalia vizuri.

Tuanze na mashine yenyewe, wengi tunaiona ikifanya kazi ila hatujui ndani kunatokea nini maana inachukua sekunde mbili tatu imemaliza. Mkanda unakuwa umeshazungushwa kwenye mfereji ndani ya tao unasubiri. Katoni ikifika mahali pake, sensa ikaiona au mtu akakanyaga pedali, kibano cha chini kinashika ncha ya mkanda, halafu yale magurudumu yaliyokuwa yanausukuma mbele yanageuka yanauvuta kurudi nyuma, mkanda unachomoka kwenye mfereji unaikumbatia katoni, unakazwa mpaka kiwango ulichoset, kibano cha pili kinashika. Kisha unaingia ubapa wa moto katikati ya tabaka mbili za mkanda, unayeyusha nyuso zake, unachomoka haraka, kisu kinakata, na kibao cha chini kinazigandamiza tabaka mpaka zishikane. Hakuna klipu ya bati, hakuna fundo. Mkanda wenyewe ni PP, plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu, na upana wake mara nyingi ni kati ya milimita 5 na 12.

Upande wa kuisifia, nasema wazi kwamba ninaikubali, ila sio kwa ile spidi iliyoandikwa kwa wekundu. Ninaipenda kwa sababu strapu ya kwanza asubuhi na ya mia tisa jioni zimekazwa sawasawa. Mtu hawezi. Ukienda kwenye stoo yoyote ya kufunga kwa mkono saa mbili asubuhi ukapitisha kidole chini ya mkanda utaona umekaza kama waya wa gitaa, rudi saa kumi na moja jioni yule yule kijana, kifaa kile kile, kidole kinapita na chenji inabaki. Simlaumu, mkono umechoka, na kama analipwa kwa idadi ndo kabisa anakimbiza idadi. Na sehemu kama kiwanda cha vigae Mkuranga au Chalinze, boksi ni zile zile za saizi moja usiku na mchana, hapo mashine ya tao inafanya kilichoileta duniani. Kiwanda cha magazeti vilevile, mafurushi yanatakiwa kuwa kwenye gari kabla kuku hajawika, utamweka nani afunge kwa mkono.

Sasa upande wa pili. Mashine hii inachagua chakula. Ukiilisha mkanda wa bei chee uliotengenezwa kwa plastiki ya kurudia-rudia, huku mpana kule mwembamba, umepinda kidogo, unakwama kwenye mfereji na fundi anaitwa. Magurudumu yakisugua mkanda yanatoa unga wa plastiki, unajaa kwenye visu na kwenye ubapa wa moto, usiposafisha maungio yanaanza kuachia. Umeme ukiwa mdogo, na nani hapa hajaona taa zikiwaka kama mshumaa saa moja usiku, ubapa haupati joto lake, mkanda unaonekana umeungana kumbe umebusiana tu, unabanduka foklifti ikiinua. Na hii ni mbaya kuliko mashine iliyokufa, mashine iliyokufa unajua imekufa.

Ila hoja yangu kubwa kwa jamaa haikuwa umeme. Parachichi za kwenda Ulaya zinapakiwa kwenye katoni za kilo 4, na katoni hizo hazifungwi moja moja! Zinapangwa juu ya paleti, 12 kila tabaka, tabaka 22, jumla 264, halafu paleti nzima ndo inawekewa zile kona ndefu za kadibodi ngumu pembe zote nne na kuzungushiwa mikanda kwa mlalo. Mashine ya kotesheni yake inafunga boksi linalopita kwenye tao, paleti ndefu kuliko mtu haiingii pale hata kwa maombi. Zipo mashine kubwa za kufunga paleti, ndiyo, ila hizo ni mali za viwanda vikubwa.

Tufanye hata kama ingeingia. Kontena la baridi la futi 40 linabeba paleti 20, yeye anapiga pete 7 za mkanda kwa kila paleti, ni pete 140. Kwa spidi ya 30 kwa dakika kazi ya kontena zima inaisha ndani ya dakika 5, halafu mashine ya maelfu ya dola inalala mpaka kontena lijalo ambalo msimu ukiwa mzuri ni wiki ijayo. Vijana wawili wanatumia masaa mawili na nusu hivi, na kontena lenyewe linasubiri karatasi siku nzima, sasa umeokoa nini?

Turudi kwenye zile paleti mbili zilizoinama, maana ndo chanzo cha yote. Nilimuuliza mnatumia mkanda gani, akasema PP na klipu za bati. Basi. PP ina tabia moja, ukiikaza inaanza kulegea yenyewe taratibu, masaa machache tu imeshapoteza sehemu ya mvutano na hairudi. Kwa katoni ya sabuni inayotoka Dar kwenda Morogoro hakuna shida. Lakini paleti ya parachichi inakaa kwenye nyuzi 5 au 6, unyevu asilimia 90 hivi, kadibodi inanyonya ule unyevu inalainika na tabaka za chini zinashuka kidogo kidogo kwa uzito, yaani mzigo unasinyaa na mkanda nao unalegea, kila mmoja anamkimbia mwenzake. Na safari imerefuka, mwisho wa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari Nyekundu kwa ajili ya mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, unaongeza siku kumi na zaidi. Mkanda uliofungwa Makambako ukaonekana mzima, mpaka ufike Rotterdam ni pambo tu.

Mkanda unaofaa hapo ni wa poliesta, PET wanaita. Huu ukiukaza unavutika kidogo na ule mvutano unabaki nao, mzigo ukishuka nao unaufuata. Wa chuma una nguvu kuliko wote lakini hauvutiki, mzigo ukisinyaa nusu sentimita tu ushalegea, na kwenye kadibodi unakata kama kisu cha buchani, uacheni kwenye mabomba na nondo. Na ukiukata mkanda wa chuma uliokazwa simama pembeni, unaruka, nimeshaona mtu akishonwa shavu.

Kuna na jambo la kukaza kupita kiasi, ambalo mashine inaweza kulifanya vizuri zaidi kuliko mtu maana haina huruma. Nguvu kubwa ya katoni iko kwenye pembe zake. Ukiset mashine ikaze sana mkanda unazama kwenye ukingo, pembe inavunjika, na kuanzia hapo katoni haibebi wenzake wa juu. Kijana mwenye uzoefu anasikia kadibodi ikilia anaacha. Mashine inasikia ile namba uliyoiweka, na aliyeiweka mara nyingi ni fundi aliyekuja siku moja akaondoka.

Halafu watu wanachanganya kufunga paleti na kufunga mzigo ndani ya kontena. Mkanda unafanya katoni 264 ziwe kitu kimoja, haushiki paleti kwenye sakafu. Mwongozo wa CTU wa 2014 wa kupakia mizigo kwenye kontena na magari, ule wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya IMO, ILO na UNECE, unasema breki ya lori ihesabiwe kama 0.8 ya uzito wa mzigo kusukuma mbele. Paleti yetu ina matunda kilo 1056, dereva akishika breki kali pale mlima Kitonga paleti inasukuma kama imesukumwa na kilo 845. Hapo kinachookoa ni paleti kubanana vizuri bila mapengo, na pengo la mlangoni kuzibwa kwa mbao au mifuko ya hewa. Ukiacha uwazi wa futi moja hata ufunge na mkanda wa dhahabu.

Nakubali kuna hoja ya uaminifu ambayo mashine inashinda. Angalia belo la mitumba, watu wananunua kilo 45 bila kuona ndani, wanachokiamini ni ule mkanda. Wenzetu wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, wana zile nguo kali wanaziita kamera, na malalamiko ya siku zote ni belo kufunguliwa njiani, kamera zikachomolewa, likafungwa upya. Maungio ya moto ya kiwandani ukiyakata unaacha alama na kuyarudia sawasawa sio kazi ya kila mtu, klipu ya bati yeyote mwenye kibanio anairudishia. Ingawa nayo, siku hizi mashine ndogo ya meza ya mamia ya dola ipo mpaka vichochoroni, kwahiyo hiyo faida inazidi kupungua.

Na vijana? Hili watu wanalikwepa. Mashine ya tao inataka mtu mmoja, wawili wanaenda nyumbani. Mwenye kiwanda cha vigae atasema mgongo wa binadamu haukuumbwa kukaza mikanda elfu moja kwa siku na hajakosea, nimewaona waliofanya kazi hiyo miaka kumi, kiganja hakikunjiki. Kwa jamaa yangu ni tofauti, wale wale wanaofunga ndio wanaopanga, na paleti iliyopangwa ovyo haiokolewi na mkanda wowote. Akiwaondoa kwa ajili ya dakika 5 za mashine atabaki na katoni zisizolingana pembe.

Nilichomwambia ni hiki. Achana na tao, tafuta kifaa cha mkono cha betri cha kufungia PET, kinakaza kwa namba uliyoiset mpaka nguvu ya kilo 200 na zaidi, na kinaunga kwa kusuguanisha tabaka mbili mpaka zipate moto wenyewe, hakihitaji ubapa wala klipu, chaji moja inafunga mamia ya pete kwahiyo Tanesco hawahusiki. Bei yake sio ya mchezo nayo, na betri ikifa, ya akiba Makambako huipati, nunua betri mbili. Mkanda wa PET nao ni ghali kuliko PP kwa roli. Vijana wabaki, mmoja afunge mwingine apange na aweke kona.

Akanijibu, sasa hizi roli sita za PP nilizonazo? Nikamwambia awape kina mama wanaosuka vikapu vya sokoni, wanazitafuta sana. Akacheka, ila kesho yake kanipigia, kafunga paleti moja kwa PP na moja kwa PET ya kuazima, kaziacha chumba cha baridi siku mbili, kapitisha kidole. Ya PP kidole kimepita na kiganja. Kotesheni bado anayo, anasema akianza kupaki asali kwenye maboksi ataitoa tena.